Ghala la Vyenye Uzito

Kling'. Ndoano ya mzani ikigonga chuma, Stara alijua gunia jingine limeshuka. Tangu utotoni alikua na mlio huo masikioni, katika duka la nafaka la baba yake mdogo, Mbaruku, hapa Dodoma mjini. Mwaka 2005, aliporudi kutoka masomo ya kompyuta, hakutaka tena kushika mzani. Aliomba aandike programu ya ghala. Mbaruku akakubali shingo upande.

Stara aliandika kwa Java, lugha ya programu. Ghala aliliandika mara moja tu, lipokee aina yoyote: leo Ghala la Karanga, kesho Ghala la Alizeti, bila kurudia kazi. Ndipo Meshack, mnunuzi wao wa mnadani, akambembeleza, "Dada, na mbuzi wangu waingie, wasijione yatima."

Akawaingiza. Lakini mbuzi wa mnadani hapandishwi mzani. Anashikwa mgongo, anatazamwa meno, bei inatajwa. Asubuhi, wateja wamejaa, programu ikaanza kujumlisha kilo. Ikamtafutia mbuzi uzito, ikaukosa, ikazimika.

"Ikizimika tena," alisema Mbaruku, "kompyuta hiyo naifunika kanga, na wewe unarudi kwenye mzani."

Jumapili Stara alijifungia sebuleni kwao, mtaa wa Area D. Mlango wa ghala lake, aliona, ulikuwa wazi kwa kila apitaye. Akabadili mstari mmoja: ghala lipokee aina yoyote, mradi iwe ya ukoo wa Mzigo, na kila Mzigo lazima utaje kilo zake. Karanga zikapita, alizeti ikapita. Kwa mbuzi, kompaila, ile inayokagua maandishi kabla programu haijaanza kazi, ikagoma. Maneno mekundu yakajaa kwenye skrini.

Meshack, aliyepita kusalimia, akachungulia. "Umewafukuza mbuzi wangu?"

"Nimewajengea zizi lao. Huko watahesabiwa vichwa, hawataulizwa kilo."

"Basi sisi Wagogo wenye mbuzi tumekusamehe."

Mbaruku naye akaingia, macho yakatua kwenye wekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si nilisema? Imekataa tena." Akavua kofia, akatafuta kwa macho mahali ilipo kanga.

Stara alikuwa na maelezo ya kutosha kumaliza chai yote ya birika. Akayaacha.

"Imekataa hapa nyumbani, baba," alisema taratibu, kama anayezungumza na skrini. "Dukani, mbele ya wateja, haitakataa."