Gundi ya Mashine ya Goroli

Kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikaa nyumbani Temeke miezi minne nisijue mikono yangu niiweke wapi. Nilikuwa fundi mitambo. Mke wangu akishakwenda kufundisha asubuhi, nyumba ilikuwa kimya mpaka inanitia hofu. Nilifungua kwa bisibisi redio isiyo na ubovu, nikaifunga tena. Nikalegeza bawaba za mlango usio na kasoro, nikazikaza. Jirani akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Ndipo mama mmoja mwenye baa Sinza akaniita. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na ndugu yake alikuwa amemletea kutoka Ulaya mashine ya kuchezea goroli: sanduku refu la miguu minne, kioo juu, na chini ya kioo ubao wa rangi uliolala kwa mteremko. Unarusha goroli ya chuma, inashuka ikigongagonga, nawe unaizuia isidondoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, goroli yangu inaruka. Ikifika katikati inashtuka kama imeona nyoka. Wateja wanasema nimewawekea dawa."

Niliinua kioo nikapapasa ubao. Ulikuwa umetobolewa matundu, na kila tundu limezibwa kwa kidirisha cha plastiki cha rangi, taa ikiwaka chini yake. Gundi ya zamani ilikuwa imekauka kwa joto la taa. Vidirisha tisa vilikuwa vimelegea, vingine vimezama, vingine vimeinuka, na goroli ilikuwa inajikwaa hapo. Nikamwambia ni kazi ya siku mbili. Sikuwa na hakika hata kidogo, ila nilikuwa na njaa ya kazi.

Nilianza na gundi ya viatu, kwa sababu fundi viatu alikuwa mlango wa pili. Ilishika, lakini ilibaki laini kama mpira. Goroli ikipita, kidirisha kinabonyea. Nikaibandua, nikajaribu gundi nyeupe ya maseremala. Ile iliipenda mbao, plastiki ikaikataa, ikabanduka kama utando wa maziwa. Siku ya tatu nikaenda na supaglu. Ilikamata kabla sijakilaza kidirisha sawasawa, kikaganda kimepinda, na mvuke wake ukaacha ukungu mweupe juu ya plastiki nyekundu.

Mama akaja, akainama.

"Hiki mbona kina mtoto wa jicho?"

Nikapanda gari hadi Kariakoo, kwenye duka la vifaa. Mwenye duka, mtu wa makamo, alinisikiliza huku anapanga misumari.

"Unaunga nini na nini?"

"Plastiki na mbao."

"Na unataka ishike baada ya muda gani?"

"Hata sasa hivi."

Akanitazama. "Basi kaka, gundi yako ipo, ila wewe mwenyewe sijui kama utaisubiri." Akanipa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Akaniambia nikwangue gundi yote ya zamani, nikwaruze pembeni mwa plastiki kwa msasa, nichanganye nusu kwa nusu, kisha niiache siku nzima bila kuigusa.

Nilifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Baada ya saa mbili kidole gumba changu kilikuwa juu ya kidirisha cha kwanza, kikakizamisha. Nikakichokoa, nikarudia. Kesho yake nikakigusa tena. Nilijiona nikifanya na nikashindwa kuuzuia mkono.

Jioni ile mke wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza masharti ya mwenye duka, aliona gundi kwenye kidole changu tukiwa mezani.

"Umekigusa."

"Nilitaka kujua tu."

"Jumamosi naenda na wewe."

Na kweli alikuja. Alikaa kwenye kiti cha baa na daftari za wanafunzi mapajani, akisahihisha, huku mie nikigandisha vidirisha vyote tisa. Juu ya kila kimoja nikaweka kipande cha nailoni, halafu kioo kinene, halafu tofali, ili kikae sawa na ubao. Nilipomaliza, akachukua mfuko wangu wa vifaa akamkabidhi yule mama kaunta. "Usimpe mpaka kesho mchana," akasema, nasi tukaondoka kwenda kwa dada yake Kigamboni.

Kwenye pantoni la kuvukia sikukaa. Kwa shemeji nilitengeneza, kwa kisu cha jikoni, komeo la choo ambalo hakuna aliyelilalamikia. Mke wangu akanifuata huko nje.

"Tangu wakuachishe kazi hujanisikiliza hata siku moja mpaka mwisho," alisema. "Nikianza kuongea unaanza kutazama kitu cha kufungua. Mie naogopa."

Nilitaka kubisha. Badala yake nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulisema: kwamba kila asubuhi, saa ile ya king'ora cha kiwanda, bado nashtuka na kuanza kutafuta viatu, na nikikumbuka, siku yote iliyobaki naiona ndefu mno. Alinishikia komeo nilipokuwa nakaza skrubu, ingawa halikuhitaji kushikiliwa.

Jumapili mchana tukarudi Sinza. Niliondoa matofali, vioo, nailoni. Vidirisha saba vilikuwa sawa kabisa na ubao. Viwili vilikuwa chini kwa unene wa karatasi. Mama akarusha goroli mwenyewe. Ilishuka ikapita katikati moja kwa moja, ikapiga kengele, naye akacheka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea.

"Fundi, wakati uko hapa," akasema, "jokofu langu nalo lina mlio."

Ndani ya basi, njiani kurudi Temeke, mke wangu aliniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia ndiyo, halafu nikaanza kumweleza kuhusu lile jokofu, kwamba huenda ni kompresa, huenda ni feni. Alicheka. Nami nikaendelea kueleza, mpaka nilipogundua kwamba alikuwa ameshaacha kucheka na anatazama dirishani, nikanyamaza, nikamuuliza alikuwa anataka kusema nini.