Nondo Iliyokatika Lemara

Nondo ilikatika mkononi mwa Prosper kama muwa.

Sitanii. Nondo ya milimita kumi na mbili, anaikunja kwa ajili ya ngazi, mara ta! Kipande kikaruka mpaka miguuni kwangu.

Mimi ni Sadoki, mkandarasi mdogo hapa Arusha. Kampuni yangu ni mimi, Prosper fundi nondo, na vibarua watatu basi. Siku hiyo tulikuwa Lemara kwenye jengo la usharika wa kanisa. Slab, yaani zege la dari, tulishaimwaga, na mirunda ya kuishikilia tulishaitoa jana yake.

Chini ya hiyo slab, kwaya nzima ilikuwa mazoezini. Watu thelathini!

"Tokeni! Tokeni nje wote!"

Mwalimu wa kwaya, Magreth, akanikazia macho. "Kaka Sadoki, kulikoni? Tuko katikati ya wimbo."

"Dada, utaumalizia mbinguni. Toka!"

Wakatoka mbio, viatu vingine vikabaki ndani.

Prosper bado alikuwa anakigeuza kile kipande. "Bosi, unawatimulia nini? Nondo za kanisa si zilipimwa maabara? Cheti unacho kwenye gari."

"Sasa hii iliyokatika?"

"Hii siyo ya kanisa. Za huku zilipungua, jana nikachukua mabaki kule kwako Terrat."

Nikakaa chini.

Terrat ndiko nilikomjengea mama. Nondo za nyumba hiyo nilizitoa kwa jamaa mmoja kwa bei ya kutupa, hazina nembo ya ubora wala karatasi. Nilijisemea, pale mkaguzi gani atakuja? Nyumba yetu wenyewe, bwana.

Na juu ya slab ya nyumba hiyo, mama alikuwa amepanga magunia ya mahindi ya mavuno yote.

Nikapiga simu. Inaita tu. Nikapiga tena, hola. Nikadandia bodaboda, helmeti hata sikuifunga. Njia nzima nilisali kwa Kimeru, mimi ambaye kanisani huwa nasinzia.

Nilimkuta sebuleni anachambua maharage. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ufa, kuanzia kwenye taa mpaka ukutani.

"Mama, toka nje!"

"Hata shikamoo hakuna?"

Nikambeba mzimamzima, maharage yakamwagika.

"Niache wewe! Umerogwa?"

Slab haikuanguka. Niliibomoa mwenyewe wiki iliyofuata, majirani wakinicheka. Lakini siku ile, pale uani, nilimweleza mama kila kitu, bado nahema.

Akakung'uta kanga yake. "Za kanisa ulizipima?"

"Ndiyo, mama."

"Na za kwangu?"

Nikageuka kuutazama ule ufa kupitia mlangoni.

Mafundi wenzangu, tunazilaani hizi sheria za vifaa kwamba zinatuchelewesha sisi wadogo. Kweli zinachelewesha, nilisubiri maabara siku tisa na kila siku nilitukana. Pimeni tu. Pimeni hasa pale ambapo hakuna mkaguzi atakayekuja, maana huko ndiko tumewalaza watu wetu.