Mawe Meupe ya Njia ya Subukia

Nilisafiri kwa sababu nilisema ndiyo mahali pa kusema hapana. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa karani wa chama cha Wazungu waliopenda kutembea kwa miguu siku za Jumamosi. Njia yao ilitoka Bahati ikateremka bonde la Subukia, ikionyeshwa na mawe yaliyopakwa chokaa. Mvua ilikuwa imeyafifisha. Katibu wa chama aliniita barazani kwake Milimani, mjini Nakuru, akaniagiza niyapake upya.

"Ukifika njia panda, peleka mawe juu, shamba ya rafiki yangu," alisema. "Bibi yake nafungua nyumba ya chai."

"Na njia ya chini, bwana?"

"Wewe andika matope iko."

Njia ya chini ilipita mlangoni pa hoteli ya dada yangu Tabitha. Nililijua hilo. Lakini nafasi ya karani mkuu ilikuwa wazi, nikajibu, "Ndiyo, bwana."

Alhamisi alfajiri niliondoka Nakuru juu ya lori la mahindi, gunia la chokaa miguuni. Bahati nilishuka, nikajitwika gunia, nikashika njia. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya maua ya pareto. Kila nilipoona jiwe nililipaka, nikaendelea, hadi bonde likafunguka chini yangu, la kijani kibichi, na moshi wa jikoni hapa na pale.

Saa saba, baada ya kupita njia panda bila kugusa mawe yake, nilifika senta ya dada, kituo kidogo cha biashara. Kabla ya watembeaji palikuwa na vyumba viwili vya mabati na mbwa mmoja. Sasa wanawake walipanga mayai na plamu kando ya njia, na fundi viatu, Kiprono, alikuwa amezungukwa na mabuti.

"Haya yote ni ya Wazungu?" nilimuuliza.

"Mzungu akipanda mlima kisigino kinalia," akasema, "na kikilia, mimi nakula."

Dada alitoka jikoni akifuta mikono. "Karani! Umekonda kama kalamu yako. Keti."

Nilipokuwa nikila githeri ya mahindi na maharagwe alinionyesha chumba kipya alichoezeka kwa ajili ya wageni wanaonyeshewa na mvua. Maziwa aliyanunua kwa majirani watatu, nao walikuwa wameongeza ng'ombe. Binti yake Ruth alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni. "Jumamosi ndiyo itamsomesha," dada alisema.

"Na matope pale njia inapovuka mto?" nilijaribu.

"Matope gani? Sisi wanawake tumelaza magogo, tukamwaga changarawe. Nenda na hivyo viatu vyako vya kanisani uone."

Nilienda. Nilivuka na kurudi, viatu vikavu.

Ijumaa asubuhi alimbebesha punda wake gunia langu akanisindikiza hadi njia panda. "Yapake chokaa nzito," alisema, "wayaone kutoka mbali." Kisha akageuza punda. Nilingoja hadi alipopotea kwenye kona, ndipo nikayang'oa mawe ya njia ya chini na kuyabingirisha kuelekea juu, moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilinichukua hadi saa nane. Kule shambani bibi wa mwenye shamba alinipa chai kwenye kikombe cha bati, nikainywa nimesimama nyuma ya jiko.

Jioni nilirudi Nakuru kwa barabara kuu, nisipite kwa dada. Jumamosi niliandika katika ripoti ya chama: "Njia ya chini ina matope."

Watembeaji wakafuata mawe ya juu. Kiprono alihama kwanza. Majirani wakauza ng'ombe. Ruth hakwenda bweni, alichuma pareto. Nilikuwa nimedhani njia ya watu wanaojifurahisha ni mchezo tu, kumbe senta nzima ilikuwa ikila juu yake.

Dada alikuja ofisini kwangu mara moja, akasimama mlangoni.

"Ndugu yangu, matope uliyaona wapi?"

Nilipekua karatasi zilizokuwa mezani. Alingoja kidogo, akaenda.

Baadaye alifunga hoteli akahamia Keringet kulima shamba la watu. Mimi nilipata ukarani mkuu. Nilimwandikia miaka mingi, nikaenda hata mlangoni kwake, hakunifungulia. Tabitha ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, na hakusema nami neno jingine hadi alipozikwa.