Ndoto Niliyoipa Namba

Mchezo wa namba niliukuta Mahajanga, katikati ya miaka ya sabini, nilipokuwa karani wa ghala bandarini. Kila asubuhi mwenye duka alitundika mkebe uliofungwa, ndani yake karatasi yenye namba moja kati ya thelathini na sita. Baada ya sala ya alasiri aliufungua mbele ya watu, na walioibahatisha namba wakalipwa. Wengine walisema mchezo uliletwa na Wachina wenye maduka, wengine mabaharia. Mimi namjua tu aliyeuvusha hadi kisiwa cha Nosy Be. Ni mimi.

Tulihamia huko, mimi na mke wangu, baada ya ghasia zilizowaondoa jamaa zetu wengi wenye asili ya Ngazija. Binti yetu wa pekee tulimwacha makaburini Mahajanga. Homa ilimchukua akiwa na miaka minne.

Nilishirikiana na muuza duka mmoja: yeye aliificha namba, mimi nilikusanya dau. Watu walipita wakicheka.

"Namba nitaitoa wapi?" aliniuliza mama mmoja muuza samaki wa Ambondrona. "Mimi sikusoma."

Katika chuo cha Kurani, utotoni, tulifundishwa kuwa kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake. Wazee walitumia hesabu hiyo kutafuta siku njema ya safari au ndoa. Nikamuuliza ameota nini. Alikuwa amemwota marehemu shangazi yake. Nikaandika jina la shangazi, nikajumlisha herufi, nikaondoa thelathini na sita tena na tena mpaka ikabaki namba ya kucheza. Haikutoka. Hata hivyo kesho yake alirudi na dada zake wawili.

"Fundi," waliniita, kama mwalimu wa chuo, nusu heshima nusu kejeli. "Babu amekuja na ng'ombe. Tumhesabu nani?"

"Babu. Ng'ombe hana jina."

"Wa kwetu analo. La babu ndilo tulilolisahau."

Mke wangu alikuwa akitarizi vitambaa vya meza. Kila asubuhi, kabla sijatoka, alinisimulia alivyomwota binti yetu. Mimi mtoto hakunijia hata mara moja. Kwa kinywa cha mama yake ndiko nilikojua kuwa amevaa gauni la manjano, kuwa jino limemtoka.

Asubuhi moja akasema, "Alikuwa anavuka maji. Ananiita nimshike mkono."

Nilimsikiliza penseli ikiwa mkononi. Jina la mtoto lilinipa ishirini na saba. Nikaicheza bila kumwambia, na alasiri ile ikatoka.

Nilirudi na sukari na doti ya kanga. Akauliza vimetoka wapi. Nikamweleza huku nacheka.

Akaweka sindano chini. "Umemcheza mtoto?"

"Ametuletea riziki."

"Umemcheza," akasema, akaokota sindano.

Habari ilienea. Watu wakaanza kuwaomba wafu wao namba kabla ya kulala. Niliacha kazi ile, lakini waliojua herufi walikwisha kujifunza hesabu, na wakaivusha hadi Nosy Komba, kisha bara. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumerudi Mahajanga, nilimkuta katika kijiji cha Boanamary mtu nisiyemjua akiwafundisha watu hesabu ileile, akisema ni siri ya mafundi wa kale.

Nikamwambia, "Si ya kale. Niliianzisha mimi, na haina ukweli wowote."

Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, kama huijui, kaa usikilize."

Nikakaa. Alikosea kujumlisha, na hakuna aliyeona.

Tangu siku ya sukari ile, kila nikimuuliza mke wangu ameota nini, jibu lake ni moja: "Nimelala tu." Sasa sote ni wazee. Asubuhi nyingine huamka akitabasamu, mkono wake umefumbwa kana kwamba umeshika kitu. Hunitazama kidogo, kisha huuliza kama maji ya chai yamechemka.