Lori la Mananasi Lililoishia Kwenye Simu

Leo nimemfokea mtu kwenye simu mpaka jirani kapunguza redio asikie vizuri.

Wakulima wa Kiwangwa wanaita lori la mananasi kwa programu niliyoitengeneza mimi. Juzi mama mdogo wangu alituma ombi, simu ikamjibu: "Limepokelewa." Akakata mananasi ya shamba zima.

Lori halikuja.

Leo nachimbua, nakuta nini? Hamadi, mwenzangu wa Dar anayesimamia seva, kahamisha mfumo kwenye anwani mpya ya mtandaoni. Kimya kimya! Kwenye anwani ya zamani kaacha maelekezo tu: tumehamia kule.

Na ni yale maelekezo ambayo programu ikiyafuata, inaacha mzigo, yaani ombi lenyewe, pale pale. Inafika kule mikono mitupu, inakaribishwa, inarudi kusema limepokelewa.

Yaani umtume mtu na futari kwa jirani, akute kahama, aache sahani kizingitini, aende huko alikohamia kumsalimia tu, halafu aje akwambie wamekula!

Yapo maelekezo yanayobeba mzigo mpaka mwisho. Ni kubadilisha namba moja tu ya maelekezo kwenye seva, jamani!

Nikampigia Hamadi, nikamwambia. Anajibu: "Kaka, mbona anwani mpya inafunguka vizuri?"

Nikakata simu. Nyinyi mngemfanyaje?

Nikampigia mama mdogo. Shikamoo, marahaba, nikaanza kumweleza mambo ya anwani. Akanikatiza, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, mananasi yanatoa maji hapa. Hilo lori likitoka kwenye simu, niite nije nipakie."