Gari Lililokataa Kujazwa

Niliporudi Johannesburg kutoka Tanga, gari langu lilikuwa limekaa uani miezi mitatu bila kuguswa. Nilikwenda kumlea binti yangu aliyejifungua mtoto wa kwanza. Nilisema nitakaa arobaini tu, nikajikuta nimeongeza mwezi, kisha nusu ya mwingine. Huku nyuma mvua za msimu wa joto zilinyesha kila alasiri, na uani kwetu Bertrams majani yalikuwa yameota hadi nusu ya magurudumu. Jirani alinisaidia kuchaji betri, gari likawaka. Nikamshukuru Mungu, kwa sababu bila gari hilo sambusa zangu hazifiki Fordsburg, na wenye maduka wanazitaka kabla ya adhuhuri.

Tatizo lilianza kituo cha mafuta. Hapa mtu hajitilii mwenyewe. Unakaa kwenye usukani, mhudumu anakuja, unamwambia unachotaka. Yule wa siku hiyo alichomeka bomba, petroli ikatiririka kidogo, halafu pampu ikakata yenyewe: tak. Akabonyeza tena. Tak. Akabadilisha mkono, akaligeuza bomba, akaliingiza hadi mwisho. Tak.

"Tangi limejaa, mama," akasema.

Nikamwonyesha mshale, ulikuwa umelala chini kabisa. Akakuna kichwa, akasema eish, akaniacha niende na lita mbili.

Nilidhani pampu yao ni mbovu. Kesho yake nilikuwa na mzigo wa kupeleka Turffontein, nikaingia kituo kingine karibu na uwanja wa mbio za farasi. Huko alinihudumia mama wa Kizulu, mtu mzima kama mimi. Pampu ilipokata mara ya tatu hakubishana nayo. Alilivuta bomba nje kidogo, akalibonyeza nusu, petroli ikawa inaingia kama dawa ya mtoto, kijiko baada ya kijiko. Nyuma yetu magari yalikuwa yanapiga honi. Yeye akainama, akatega sikio kwenye mdomo wa tangi na kusikiliza. Kisha akaniambia kwa Kizulu cha polepole, ili nielewe, "Dada, gari lako halipumui."

Nilicheka, nikidhani ni namna yake ya kusema. Yeye hakucheka.

Jumamosi nikamwita fundi. Ni Mkongomani wa Bukavu, anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Usiku ni mlinzi, mchana analala kidogo na kutengeneza magari ya watu. Kwao alikuwa anatengeneza malori ya barabara za milimani. Ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kinanikumbusha kila mara kwamba lugha hii si ya pwani peke yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua kifuniko cha tangi taratibu, na gari likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeziba pua kisha akaachia.

"Ulisikia hiyo, Mama?" akauliza. "Kila mara inafanya vile?"

"Tangu nirudi."

Akalala chini ya gari na tochi. Alianza na mpira unaoshuka kutoka mdomo wa tangi, akaufuata kwa vidole hadi mwisho, akaona haukukunjika wala kuziba. Halafu akaniita nichungulie. Nikatandika gunia, nikalala ubavu. Akanionyesha mkebe mweusi uliofungwa nyuma ya tangi. Ndani yake, akasema, mna makaa, ya kunasa mvuke wa petroli usitoke hovyo. Kutoka kwenye ule mkebe kulikuwa na mpira mwembamba unaoelekea nje.

"Hapa njo inapumuaka. Mafuta ikiingia, mupepo inapaswa kutoka. Ikikosa fasi ya kutokea, inarudisha mafuta juu, na pampu inakata."

Nilijua alichokuwa anasema. Tangu utotoni nimemimina mafuta ya nazi kwenye chupa. Ukiikaza faneli kwenye mdomo wa chupa, mafuta yanasimama, yanabwabwaja, yanagoma. Ukiinyanyua kidogo tu, yanashuka. Miaka yote nimeinyanyua faneli bila kujiuliza kwa nini.

Akauchomoa ule mpira, akaufuta, akauweka mdomoni akapuliza. Mashavu yakamjaa. Akanipa mimi. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Hakikutoka kitu.

Alikuwa ameshachukua waya wa kuzibulia. Akaumulika mpira kwa ndani, kisha akauweka waya chini. Akachukua kisu, akaupasua mpira kwa urefu, polepole, jinsi mtu anavyopasua ganda la muwa.

Ndani mlikuwa na udongo, lakini si udongo ulioingia kwa bahati mbaya. Ulikuwa umejengwa. Vyumba vitatu vimepangana, kila kimoja kama kiungo cha kidole changu, na kati yao kuta laini zilizopigwa lipu. Nikausogeza kwenye jua na kuona ukuta una mistari. Mstari mwekundu wa udongo wa uani kwangu, halafu wa kijivu, halafu mwekundu tena. Ule wa kijivu sikuutambua mpaka nilipotazama upande wa pili wa ua, kwa jirani, ambako wajenzi walikuwa wameacha rundo la mchanga na saruji. Kila mstari ulikuwa safari moja.

"Nyigu," akasema fundi. "Ule wa kiuno chembamba."

Nikamfikiria yule mdudu akishuka chini ya gari bovu, akaliona tundu moja gizani, akaliamini. Akaenda kwenye tope baada ya mvua, akabeba donge dogo mdomoni, akarudi. Akaenda tena. Mimi wakati huo niko Tanga nachemsha maji ya kumkanda mzazi.

Chumba cha kwanza kilikuwa kimevunjika kisu kilipopita. Kilijaa buibui, wadogo, wanene, wamekunja miguu, wamepangwa kama dagaa. Nikasema, "Wamekufa."

Fundi akatoa njiti ya kibiriti, akamgusa mmoja. Mguu ukatikisika.

Nilirudi nyuma. Yeye hakushangaa. Akaniambia kwamba utotoni walikuwa wanavunja nyumba za hao nyigu ukutani kwa babu yake, na babu ndiye aliyewaeleza. "Hauaki, Mama. Anadunga tu, ili walale. Akiua, nyama itaoza mapema, mbele mutoto azaliwe."

Na huyo mtoto alikuwapo. Katikati ya buibui kulikuwa na buu jeupe, dogo kama punje ya mchele, limeinamisha kichwa kwenye chakula chake.

"Na mama yake atamwona?" nikauliza.

"Hapana. Anafunga mulango, anaenda yake. Hata siku moja hawaonanaka."

Tulichuchumaa pale muda mrefu, mimi na ushungi wangu wenye vumbi, yeye na mikono yake ya grisi. Nikasema subhanallah, kwa sauti ya chini. Naye akasema Mungu ni mukubwa, chini vilevile. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Mwishowe akakikata kipande chenye nyumba, akanipa. Nilikitia kwenye chupa ya jemu, nikafunika kwa kitambaa, nikaiweka dirishani jikoni. Buu la chumba kilichovunjika halikuishi. Siku ya tatu lilikuwa limekauka. Chumba kingine hakikufunguka kamwe. Lakini wiki kadhaa baadaye, asubuhi nakunja sambusa, nilisikia mkwaruzo, na kwenye udongo pakawa na tundu, na kwenye tundu pakawa na uso. Nilitoa kitambaa. Alikaa ukingoni mwa chupa, akapangusa mabawa ambayo hakufundishwa na mtu kuyatumia, akatoka dirishani.

Siku ile ya Jumamosi, fundi alitia mpira mpya na kuufunga mdomo wake kwa wavu. Wavu ule ulitoka kwenye chujio langu la chai, tulilikata kwa mkasi. Kisha akasema twende tukajaribu, asije akala malipo yangu bure.

Tulikwenda kituo cha karibu, baada ya robot ya pili, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani. Mhudumu akachomeka bomba na kuuliza kiasi gani. Nikamwambia jaza. Fundi akanigusa bega, akanionyesha kwa kidevu nyuma ya gurudumu. Nilishuka, nikapiga magoti pale kwenye sakafu ya kituo mchana kweupe, watu wakinitazama, nikapeleka mkono chini ya gari mpaka penye ule wavu.

Pampu ilikuwa inanguruma bila kukata. Na kwenye kiganja changu kulikuwa na hewa, nyembamba, ya baridi kidogo, inatoka kwa mpigo mmoja usiokatika, kadiri mafuta yalivyokuwa yanaingia. Sikuutoa mkono mpaka ilipoacha.