Magunia Elfu Tano na Mia Nne ya Matulo

Ashukuriwe Mungu mwenye mvua na mwenye jua, aliyenivumilia ujanani hata nikafika umri wa kusimulia makosa yangu huku nikicheka. Sifa ni zake kwanza, habari zangu baadaye.

Mwanangu, kanisani wananiita mzee, ingawa mvi zangu ziliwahi kuliko miaka yangu. Vijana huja kwangu hapa Kitale na kompyuta zao mgongoni, wakitaka nikague programu walizoandika kwa Haskell, lugha ya kuandikia programu. Huwa nawapa chai kwanza. Kisha, kabla sijasoma mstari hata mmoja, huwauliza, "Nani anaitegemea kazi hii?" Wengi hunitazama kama niliyewauliza njia ya kwenda mwezini. Sikuzaliwa na swali hilo. Nililipata kwa aibu, na aibu ni mwalimu asiyekosa kipindi.

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mavuno, nikiwa na miaka ishirini na saba, simu yangu iliita nikiwa bado nanywa uji. Alikuwa Nekesa wa Bungoma, tuliyeimba naye kwaya moja tangu utoto wetu kule Kabuchai. Hakunisalimu.

"Wewe, nani amekuambia kikundi cha Matulo kina magunia elfu tano na mia nne?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Basi programu yako imesema. Akina mama wana magunia sitini peke yake! Meneja wa mashine ameona hiyo orodha akasema ati hawa ni mabroka, walanguzi wa mahindi, wanamchezea. Amewatoa kwa foleni. Na mvua si unaiona?"

Niliiona. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Mlima Elgon kama mgeni asiyetaka kuaga.

Ngoja nikueleze vizuri. Nilikuwa nimeandika maktaba ndogo ya Haskell, yaani fungu la kazi ambalo wengine wanaweza kulichukua na kujenga juu yake badala ya kuanza upya. Yangu ilijumlisha mavuno: unaipa orodha ya wakulima, inakupa jumla ya kila kikundi kwa magunia. Niliiweka katika ghala la mtandaoni ambako watu wa Haskell kutoka kila pembe ya dunia huweka kazi zao, na mwenye haja akachukua bila kuombwa chochote. Nekesa aliichukua. Juu yake alijenga programu ya kupanga foleni ya vikundi vya akina mama waliopeleka mahindi mabichi kwenye mashine ya kukaushia, Moi's Bridge. Mahindi yakikaa na maji, mwanangu, huota ukungu, na ukungu ule ni sumu. Kwa hiyo foleni ile haikuwa jambo la mchezo. Ilikuwa chakula cha nyumba nyingi hadi mavuno mengine.

Sasa, wiki moja kabla ya simu ile, nilikuwa nimebadilisha maktaba yangu itoe jumla kwa kilo badala ya magunia. Sababu yangu ilikuwa nzuri: gunia la huyu lilikuwa la kilo tisini, la yule hamsini, na kilo haibishaniwi. Kosa halikuwa kubadilisha. Kosa lilikuwa namba.

Kila toleo la maktaba hubeba namba, na jamii ya Haskell ina makubaliano juu ya namba hizo. Za mwanzo zikipanda, unawaambia watu: simameni, kuna jambo limegeuka, chunguzeni kabla hamjachukua. Ya mwisho ikipanda, unawaambia: msihangaike, nimefagia uwanja tu. Mimi niligeuza nyumba nzima, mlango ukatazama nyuma, kisha nikatangaza kwamba nimefagia uwanja. Nilipandisha namba ya mwisho. Programu ya Nekesa, iliyoniamini, ikachukua toleo jipya bila kuuliza. Magunia ya Matulo yalikuwa ya kilo tisini: sitini mara tisini. Hesabu unaijua.

Kwa nini nilifanya vile? Kiburi, mwanangu, hakina jina lingine. Nilikuwa nimejitangaza mbele ya watu kwamba maktaba yangu imekomaa na haitaguswa tena. Kupandisha namba za mwanzo kungekuwa kukiri kwamba haikuwa imekomaa.

Nilikimbilia kwa Mwalimu Kamau. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a zamani, naye ndiye aliyenifundisha Haskell. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikamweleza mpango wangu: nitoe haraka toleo jingine linalorudisha magunia, nifute lile baya, na jambo liishie hapo.

"Ufute?" akauliza. "Kwa ghala lile kitu kikishaingia kinafutwa?"

"Hapana, Mwalimu. Naweza tu kuweka alama kwamba lisitumiwe."

"Basi weka alama. Rudisha magunia, hiyo ni sawa. Na useme kwa nini, na jina lako liwe hapo chini."

"Lakini Mwalimu, hata Nekesa angesoma maelezo. Niliandika kilo, iko pale ukurasa wa pili."

Mzee akaacha gunzi. Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda.

"Kijana yangu, namba ndiyo ulimpa asome, na namba ilimdanganya. Nekesa hakukosea kukuamini. Wewe ndiye ulikosea kuaminiwa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe unataka kukimbia uchi sokoni ukisema ati ni upepo?"

Nilicheka, macho yakiwa na machozi. Hapo hapo, juu ya meza yake iliyojaa vumbi la mahindi, nilirudisha magunia na kuandika tangazo kwa jamii yote: toleo hili ni baya, nilibadilisha maana bila kuonya, kosa ni langu, nisameheni. Nilipotuma nilidhani jina langu limezikwa.

Kisha nikapanda boda hadi Matulo.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umetandazwa maturubai ya mahindi, na akina mama walikuwa wakiyageuza kwa mikono na reki, jicho moja juu mawinguni. Nekesa alinitangulia kwa kiongozi wao, Mama Nafula, mwanamke mnene wa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Ndiye huyu?" Mama Nafula akauliza. "Ndiye ametupatia magunia elfu tano? Karibu, mwanangu! Jana tulikuwa matajiri bana, hata mzee yangu ameanza kuniita madam!"

Wakaangua kicheko. Mimi nikasimama pale na maneno yangu ya toba niliyoyapanga njia nzima. Nikayasema hata hivyo. Mama Nafula alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa reki.

"Tumesikia. Geuza ile ya pembeni, halafu mwende kwa huyo meneja mkamwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Sikupunguza. Meneja alikuwa mtu mkavu kama mashine yake. Alinitazama sana, akauliza, "Kwa hivyo hawa mama hawakusema uongo?" Nikajibu kwamba uongo ulikuwa wangu. Akachukua kalamu, akakata elfu tano na mia nne, akaandika sitini, akawapa nafasi kesho yake asubuhi. Mvua ilinyesha jioni ile ile. Magunia mawili yalilowa yakaharibika, siwezi kukuficha. Hamsini na nane yalikauka vizuri, namshukuru Mungu.

Niliporudi kwa Mwalimu alinionyesha uzembe wangu wa pili. Kwa kompaila, yule mkaguzi anayepitia programu kabla haijaanza kazi, magunia yangu na kilo zangu vilikuwa namba tupu, havina tofauti. "Una askari mkali mlangoni," Mwalimu akasema, "halafu umewavalisha mgeni na mwizi kanzu moja." Tukalitengea gunia aina yake na kilo aina yake. Hilo tukalitoa kama toleo jipya, na safari hii namba za mwanzo zikapanda mbele ya macho ya kila mtu. Nekesa alipolijaribu, kompaila akamkatalia mahali kumi na moja. Alinipigia simu akilalamika na kucheka pamoja, akaparekebisha pote kabla ya chakula cha mchana, na hakuna gunia lililopotea.

Na lile tangazo langu? Watu wanne niliokuwa siwajui walinijibu. Mmoja, kutoka nchi ambayo sitaifikia, aliandika kwamba naye alishawahi kufanya vile vile, akanyamaza, na mpaka leo anatamani angesema. Wawili wakaniletea marekebisho waliyoyaandika wenyewe. Jina langu halikuzikwa. Kosa moja haliachi mke, wahenga walisema, wala kosa lililokiriwa halivunji jamii.

Basi mwanangu, shika haya. Ukiandika kitu ambacho wengine watakitegemea, kumbuka kwamba kuna uwanja mahali fulani ambako mama anageuza mahindi na kutazama mawingu, naye hajui hata jina la lugha uliyotumia. Badilisha kazi yako inapohitaji kubadilishwa, lakini onya kwanza, na namba yako iseme kweli hata ikikushusha hadhi. Kila kitu kipe aina yake, ili askari aweze kukulinda dhidi ya uchovu wako mwenyewe. Ukikosea, usiwalaumu waliokuamini. Sema mapema, sema kwa jina lako, kisha uende ukashike reki. Na mwingine akija kukiri kwako, usimcheke mpaka acheke yeye kwanza.

Mungu akupe akili safi na moyo mwepesi wa kutubu. Akupe wazee wa kukukemea kwa upendo na rafiki wa kukupigia simu bila kukusalimu. Kazi ya mikono yako iwe ngazi ya wengine, na wanaoitegemea wasiaibike kamwe. Amina.